Kabla Hujamlaumu Rubani Mwenzako

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja, nikausoma mara tatu. Haukuwa mgumu kueleweka. Ulinishtua tu kwa sababu miaka miwili iliyopita ningeweza kuuandika mimi mwenyewe, neno kwa neno. "Shikamoo kaka," alianza. "Mimi na mdogo wangu tunaishi mbalimbali na tunarusha ndege pamoja kwenye mchezo wa simuleta, kila mtu kwa kompyuta yake. Mmoja akiruka peke yake hakuna tatizo. Tukijiunga kwenye misheni moja, ndege yake inarukaruka kama panzi, na dakika ya kumi au ya kumi na tano anatolewa nje. Yeye ananilaumu mimi, mimi namlaumu yeye, na sasa tumefika mahali pa kununiana. Je, ninunue kifurushi cha intaneti chenye kasi zaidi?"

Marahaba, ndugu yangu. Jibu fupi ni kwamba usinunue. Jibu refu ni makala haya yote, kwa sababu mimi nilinunua, na nitaeleza kilichonipata. Naamini wengi wenu mnaonisoma mnatamani kile ninachokitamani mimi: kupaa na wenzenu usiku, kuvuka ramani bawa kwa bawa, na kutua mmoja baada ya mwingine bila mtu hata mmoja kupotea njiani. Hilo ndilo lililonivuta kwenye simuleta tangu mwanzo, wala si uzuri wa mawingu. Nitawasimulia jinsi lilivyoniponyoka, na jinsi lilivyorudi likiwa na pengo.

Kundi letu lilikuwa la watu wanne ambao hatujawahi kuonana uso kwa uso. Tulijuana kwa majina ya redioni: mimi Kipanga, na wenzangu Kozi, Tai na Korongo, ambaye alijipa jina hilo kwa kuwa, kwa maelezo yake mwenyewe, miguu yake haienei chini ya meza. Kila Jumamosi usiku tulikutana, tukaruka saa mbili au tatu, kisha tukabaki kwenye hedifoni tukipiga soga hadi mmoja wetu alipoanza kukoroma. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyeji, yaani kompyuta yangu ndiyo iliyofungua misheni na wengine wakaingia kama wageni. Nilijitwalia kazi hiyo kwa kisingizio kwamba intaneti yangu ilikuwa na kasi kuliko za wote, lakini leo naweza kukiri kwamba nilipenda tu kuwa mwenyeji: kupanga hali ya hewa, kuchagua njia ya kurukia, kuwagawia wenzangu ndege na kuwaambia nani atangulie kupaa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu sisi wageni walikuja, na mwenyeji ndiye aliyeugua.

Usiku ninaoukumbuka kuliko yote tulikuwa futi 18,000, mwendo wa noti 300, yaani maili 300 za baharini kwa saa, tumejipanga nyuma ya ndege inayowajazia wengine mafuta angani. Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni, na Kozi alikuwa kulia kwangu, nyuma kidogo. Taa nyekundu ya ncha ya bawa lake la kushoto ilikuwa imetulia kwenye pembe ya jicho langu kwa dakika nzima. Ghafla ikahama, ikapita juu ya kioo changu, ikarudi, na papo hapo nikasikia mlio wa chuma kikivunjika. Mkia wangu ulikuwa umekatika. Nikaanza kuzunguka kuelekea chini huku nikipiga kelele, "Kozi, umenigonga!" Naye akanijibu kwa sauti tulivu iliyonikera kuliko ajali yenyewe: "Nikugonge vipi, Kipanga, na mimi nipo mita arobaini kutoka kwako? Wewe ndiye unayeanguka peke yako." Tai, aliyekuwa nyuma yetu, akasema kwamba kwake wote wawili tulikuwa bado tumejipanga vizuri na hakuna aliyeanguka. Korongo hakuona lolote, kwani skrini yake ilikuwa imeganda tangu tulipopita milima.

Tulikuwa watu wanne wenye anga nne, na kila mmoja aliapa kwamba yake ndiyo ya kweli. Tukabishana hadi saa nane usiku.

Ilinichukua muda mrefu kuelewa kilichotokea, na nitakieleza kwa sababu bila kukielewa mtaendelea kutafuta mchawi. Mchezo wetu, ambao sitautaja jina, umebadilishiwa picha mara kadhaa: maji yamepata mawimbi, mawingu yamepata vivuli, vyumba vya rubani vimepata vumbi juu ya vioo. Sehemu yake ya mtandao, kwa upande mwingine, inafanya kazi kana kwamba sote bado tunatumia modemu za simu za kilobiti 56 kwa sekunde. Hakuna seva ya katikati, yaani kompyuta moja kuu, inayoamua ukweli. Kila kompyuta huzungumza na kila nyingine moja kwa moja, kwa hiyo marubani wanne wanahitaji njia sita na marubani wanane wanahitaji njia 28. Njia moja ikilegea, anga za watu wawili zinaachana bila mtu yeyote kuarifiwa. Zaidi ya hayo, kila kompyuta ni hakimu wa ndege yake mwenyewe: ikiona imegongwa, basi imegongwa, hata kama anayedaiwa kugonga hana habari.

Sasa pigeni hesabu kidogo. Noti 300 ni karibu mita 154 kwa sekunde. Taarifa ikichelewa kwa sehemu mbili za kumi za sekunde, ndege unayoiona ubavuni mwako imekwishasogea mita 31 kutoka pale unapoiona, ambazo ni kama urefu wa ndege mbili za kivita za F-16 zilizopangwa pua kwa mkia. Mchezo hujaribu kuziba pengo hilo kwa kukadiria: unachukua mahali pa mwisho panapojulikana, mwelekeo na kasi, kisha unaisogeza ndege mbele kwa hesabu. Ndege ikinyoosha njia, makadirio yanapatia. Ikipinda kidogo tu, makadirio yanaendelea kuisukuma kwenye njia ya zamani mpaka taarifa mpya ifike. Na taarifa ikifika, mchezo wetu hauisogezi taratibu bali unaichomoa ilipo na kuipachika panapostahili. Huyo ndiye panzi wako, ndugu yangu. Hayumo kwa mdogo wako, wala hayumo kwako.

Na kuchelewa kwenyewe si tatizo kubwa kama kuchelewa kusikolingana. Pakiti moja, yaani kifurushi kidogo cha taarifa, ikifika baada ya milisekunde 80 na inayofuata baada ya milisekunde 240, mchezo usiobandika saa kwenye pakiti zake hauwezi kujua tofauti hiyo, na kwa mwendo uleule kosa linakuwa la mita 25 hivi. Kwa kuruka mmojammoja, mita 25 si kitu. Kwa watu wanaotaka kuruka bawa kwa bawa, ni ajali.

Nisieleweke vibaya: wazo la kukadiria si la kipuuzi, na uzee wake si kosa. Mabaharia walilitumia kujua walipo kabla ya kuwapo kwa setelaiti. Katika miaka ya 1980 mradi wa SIMNET wa DARPA, shirika la utafiti la wizara ya ulinzi ya Marekani, uliunganisha simuleta za vifaru kwa njia hiyohiyo, na mwaka 1993 mawazo yake yakaingia katika kiwango cha IEEE 1278 cha chama cha wahandisi cha IEEE, kinachojulikana kama DIS. Humo kila kompyuta hujikadiria yenyewe kama wengine wanavyoikadiria, na hutuma taarifa mpya pale makadirio yanapoachana na ukweli kupita kiasi kilichowekwa. Huo ni ufundi wa hali ya juu. Ninachokilalamikia ni mtu kurithi wazo zuri, kuchukua nusu yake, na kuliacha lilale humo miaka yote huku akiuza ndege mpya juu yake.

Mimi, bila kujua lolote kati ya hayo, nilifanya kile ambacho msomaji wangu anataka kufanya. Nilinunua kifurushi chenye kasi mara nne ya kile cha awali. Jumamosi iliyofuata nikafungua misheni kwa kujigamba, nikawaambia wenzangu waingie waone mambo mapya. Hakuna aliyeingia. Si kwamba ndege zao zilirukaruka. Safari hii hazikuonekana kabisa. Kidirisha kiliandika kwamba kinasubiri wageni, kikasubiri, na mimi nikasubiri nacho huku Kozi akiguna kwenye hedifoni.

Wiki tatu zilizofuata nilizimaliza ndani ya kurasa za mipangilio ya ruta, kile kifaa kinachoiunganisha nyumba na intaneti. Nilifungua milango yote, yaani nambari za njia za kuingilia data, ambayo mwongozo wa mchezo ulitaja, nikaifunga, nikaifungua upya, nikazima ulinzi wa kompyuta, nikabadilisha ruta nzima. Sitawachosha kwa maelezo ya siku hizo, kwa sababu hazikuwa na tija yoyote. Jibu nililipata kwa bahati, nilipoangalia anwani ambayo ruta yangu ilipewa upande wa nje. Ilianza na 100.72.

Hapa ningependa kila mwenyeji atulie asome. Anwani za IP, yaani nambari zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti, za mfumo wa zamani ni takriban bilioni 4.3 tu, na hazitoshi. Kwa hiyo ruta ya nyumbani huvificha vifaa vyote vya ndani nyuma ya anwani moja, na ndiyo maana ni lazima uielekeze kwamba mgeni akibisha mlango fulani apelekwe kwenye kompyuta fulani. Watoa huduma wengi wakapiga hatua moja zaidi: wanawaficha wateja wengi kwa pamoja nyuma ya anwani moja ya kwao, na mwaka 2012 fungu la anwani kuanzia 100.64 hadi 100.127 likatengwa rasmi kwa kazi hiyo. Ukiwa humo, hata ukifungua milango yote ya ruta yako, mgeni anakwama kwenye geti la nje ambalo funguo zake huna. Kifurushi changu cha zamani, kile cha polepole, kilikuwa na anwani yake yenyewe ya nje. Kile cha kasi hakikuwa nayo. Nilikuwa nimelipa zaidi ili nifungiwe ndani.

Michezo iliyoandikwa vizuri hulimaliza jambo hili bila mchezaji kujua. Hutumia seva ndogo inayowatambulisha watu wawili, kisha kompyuta zao zinabishiana hodi kwa wakati mmoja ili kila ruta idhani mgeni ameitwa kutoka ndani. Hilo likishindikana, seva hubeba pakiti yenyewe. Mchezo wetu hauna kitu cha namna hiyo. Unamtaka mwenyeji awe na anwani ya wazi, kama vile watu walivyoweza kuitaka enzi zile.

Tulijinasua kwa kutumia programu ya mtandao binafsi, ile inayozihadaa kompyuta zilizo mbalimbali zijione zimo ndani ya chumba kimoja. Wageni wakaonekana, tukashangilia, kisha wakakwama wakipokea faili la misheni, kila mtu kwenye asilimia ileile. Ilibainika kwamba pakiti ya kawaida ni ya baiti 1,500, lakini handaki la mtandao binafsi hula sehemu ya nafasi hiyo kwa bahasha zake, kwa hiyo pakiti ndogo zilipita na kubwa zikapotea kimya kimya. Tukashusha ukubwa hadi 1,300 kwenye mipangilio ya kompyuta zote nne, na faili likapita.

Likabaki lile la kutolewa nje, na hili ndilo ninalojivunia kuligundua mwenyewe. Niliweka daftari kando ya usukani na kuandika saa ya kila kukatika. Baada ya Jumamosi tano nikaona jambo la ajabu: Tai, ambaye mdomo wake haufungi na ambaye huandika utani kwenye dirisha la maandishi hata akiwa anatua, hakuwahi kutolewa hata mara moja. Waliotolewa ni wanyamavu. Mchezo wetu hufungua njia mbili, moja ya mahali zilipo ndege, ambayo haipumziki, na nyingine ya maandishi na maagizo, ambayo hukaa kimya watu wasipoandika. Ruta nyingi huisahau njia iliyonyamaza baada ya dakika kadhaa, na njia hiyo ikifa mchezo huamua kwamba mgeni ameondoka, ingawa ndege yake bado inaonekana ikipaa. Dawa yetu ilikuwa ya kuchekesha: kila baada ya dakika tatu kila rubani aliandika neno moja, "nipo". Ukifungua kumbukumbu za misheni zetu za kipindi kile utaona kurasa nzima za nipo, nipo, nipo, kama wanafunzi wanaoitwa majina na mwalimu asiyechoka. Lakini hakuna aliyetolewa tena. Msomaji wangu, nakushauri uanze na hilo kabla ya lingine lolote, maana dakika zako kumi hadi kumi na tano zinafanana mno na zangu.

Ningependa kuishia hapo, nikiwa shujaa. Ukweli unanikatalia.

Ndege zilikuwa zinaendelea kurukaruka, na zilirukaruka zaidi tulipokaribia miji. Kozi alikuwa na maelezo yake. Alisema, na alisema mbele ya wote, kwamba kompyuta yangu imechoka na mimi sitaki kukubali. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba mtu asiyejua tofauti ya ruta na swichi hana haki ya kunifundisha, na maneno mengine ambayo sitayarudia. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Sawa, mwenyeji," akatoka. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo. Nilijiambia kwamba atarudi, na kwamba kama harudi basi hakuwa rubani wa kweli. Mtu hujiambia mengi ili asilazimike kuomba radhi.

Mwezi mmoja baadaye, nikiwa natafuta ushahidi wa kumuumbua, nilisakinisha programu inayohesabu pakiti zinazotoka kwenye kompyuta. Juu ya bahari zilitoka pakiti 60 kwa sekunde kuelekea kwa kila mgeni. Nikaelekea mjini. Majengo yalipoanza kuijaza skrini, idadi ikashuka: 48, 35, 27, na nilipokuwa juu ya uwanja wa ndege ikawa 19. Nikatazama kona ya skrini, ambako mchezo huandika idadi ya fremu, yaani picha zinazochorwa kwa sekunde. Nayo ilisoma 19. Mchezo wetu hutuma pakiti moja kwa kila fremu, wala hauna saa nyingine ya mtandao. Kadi yangu ya picha ilipolemewa na vivuli vya maghorofa, wageni wangu wote walinyimwa taarifa, tena mahali palepale tulipozihitaji zaidi, kwenye msitari wa kutua.

Yaani Kozi alikuwa amepatia. Ndiyo, ni kosa la kiufundi la waliotengeneza mchezo, kwa sababu hakuna sababu ya maana ya kuifunga kasi ya mtandao kwenye kasi ya picha. Lakini kompyuta iliyokuwa ikiwaharibia wenzangu usiku ilikuwa yangu, na niliiacha iendelee kwa kuwa nilipenda mawingu yangu yawe na vivuli wakati nikijiita mtu asiyejali mawingu.

Niliwaandikia watengenezaji barua ndefu yenye kumbukumbu za misheni, hesabu za pakiti na picha za skrini tatu zikionyesha sekunde ileile ikiwa na ukweli wa aina tatu tofauti. Baada ya wiki kadhaa nikapata jibu la mistari miwili: wanathamini mchango wangu, na uchezaji wa pamoja haumo katika vipaumbele vya sasa. Siku hiyohiyo walitangaza ndege mpya ya kulipia. Bado linaniuma, na sioni sababu ya kujifanya haliniumi. Mtu anayeniuzia mchezo wenye kitufe kilichoandikwa "Cheza na wenzako" ameniahidi jambo, na ahadi haizeeki kwa sababu tu aliyeiandika ameacha kazi.

Wala wasiniambie kwamba mfumo wa zamani hauwezi kubadilishwa. VATSIM, mtandao wa kuruka na kuongoza ndege ulioanza mwaka 2001 na unaoendeshwa na watu wa kujitolea, ulikaa miaka mingi ukipokea mahali ilipo kila ndege mara moja tu kwa kila sekunde tano. Ukafanyiwa ukarabati, na sasa ndege zilizo karibu zinaweza kutumiana taarifa mara tano kwa sekunde moja. Kama wanaojitolea waliweza, anayelipwa ana udhuru gani? Na wachezaji nasi tukumbuke jinsi mambo haya yanavyokufa tukinyamaza. Mwaka 2014 huduma ya GameSpy, iliyowakutanisha wachezaji wa michezo mingi, ilizimwa, na miongoni mwa michezo iliyopoteza ukumbi wake ni Microsoft Flight Simulator X ya mwaka 2006, ambayo iliwaruhusu watu wawili kuketi katika chumba kimoja cha rubani. Mwishoni mwa mwaka huohuo likatoka toleo la Steam, duka la michezo la mtandaoni, lenye mfumo mwingine wa kuwakutanisha, kwa sababu bado kulikuwa na watu waliotaka kuruka pamoja na waliolisema hilo kwa sauti.

Basi, ndugu yangu, fanya hivi na mdogo wako. Tumieni waya, si Wi-Fi, maana Wi-Fi ndiyo mama wa kuchelewa kusikolingana. Angalieni anwani za nje za ruta zenu wote wawili, na yule ambaye anwani yake haianzi na yale niliyoyataja, na inafanana na ile ambayo tovuti za nje zinamwona nayo, ndiye awe mwenyeji, hata kama intaneti yake ni ya polepole. Kasi ya kifurushi haina uzito hapa: pakiti ya baiti 200 ikitumwa mara 30 kwa sekunde haifiki hata kilobiti 50. Na kuna mpaka ambao hakuna kifurushi kitakachouvuka, kwani mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde, kwa hiyo aliye umbali wa kilomita 8,000 atakuona kwa kuchelewa milisekunde 40 hata kama waya ungenyooka kutoka mlangoni kwako hadi kwake. Mwenyeji azime vivuli. Narudia, mwenyeji azime vivuli, apunguze mawingu, na kama anaona uchungu kuruka katika anga mbaya basi asiwe mwenyeji. Andikeni "nipo". Hakikisheni mna toleo moja la mchezo na nyongeza zilezile. Tumieni waya, kama nilivyosema. Na pakitokea ajali, kila mmoja aseme alichokiona bila kumwambia mwenzake kwamba anadanganya, kwa sababu wote wawili mtakuwa mmesema kweli.

Siku hizi mwenyeji wetu ni Korongo. Kompyuta yake ni ya kawaida, intaneti yake ndiyo ya polepole kuliko zetu zote, lakini anwani yake ni ya wazi, na amezima kila kinachozimika hata miji yake inafanana na maboksi ya viatu yaliyopangwa jangwani. Mimi nilikabidhi wadhifa kwa shingo upande. Jumamosi iliyopita tulipaa watatu, tukajaza mafuta watatu, tukatua watatu, na taa ya bawa la Tai haikutikisika hata tulipopita juu ya mji.

Jumapili asubuhi nilimtumia Kozi ile hesabu ya pakiti, kuanzia 60 hadi 19, na chini yake nikaandika kwamba alikuwa amepatia na mimi nilikuwa nimekosa, na kwamba maneno niliyomwambia hayakuwa ya kumwambia mtu. Alikaa nayo hadi jioni. Jibu lake lilikuwa la maneno matatu: "Mwenyeji ni nani?"

Nikamwambia ni Korongo. Bado sijajua kama atakuja, lakini faili la misheni ya Jumamosi hii nimelipanga kwa ndege nne.